Mkanda

Leo asubuhi mkanda wangu umechanika kwenye tundu la mwisho, nikiwa nimening'inia mlangoni mwa daladala. Konda kaona, abiria wameona, na mama mmoja mwenye beseni la samaki kaona zaidi ya wote. Mtu mzima haadhiriki kwa suruali. Nikashuka Buguruni, mkono kiunoni kama mgeni rasmi, hadi kwa fundi viatu.

"Shikamoo mzee. Nitobolee tundu moja tu."

"Marahaba." Akaugeuzageuza. "Huu umeukaza mno. Sisi baada ya vita ya Amin, Mwalimu alitwambia tukaze mikanda miezi 18 tu. Wewe nani kakwambia?"

Hapo ndipo ningekimbia. Kwenye benchi alikaa mstaafu wa wizarani, akaweka gazeti chini.

"Miezi 18 ipi? Ilipita tukiwa kwenye foleni ya sabuni! Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa 1977, mafuta yamepanda, vita imekula dola milioni 500. Mtei, waziri wa fedha, akasema jamani, tukae na IMF, shirika la fedha la kimataifa, shilingi ishuke kidogo tupate pumzi. Mwalimu akakataa, Mtei akajiuzulu."

"Akajiuzulu akiwa na viatu miguuni," akasema fundi, sindano juu. Huyu kaenda vita ya Kagera 1978, mwaka uliofuata akaingia Kampala, akarudi na redio ambayo hapendi iulizwe. "Sisi tuko kwenye matope Masaka, nyie Dar mnapiga hesabu!"

"Risasi zako zililipwa na nani?"

"Na tumbo langu!"

"Tumbo lako? Mke wangu kafulia majani ya mpapai!"

"Mkeo sabuni alipewa mlango wa nyuma wa duka la kaya. Usinifungue mdomo."

Kimya. Nikakohoa. "Wazee wangu, tundu..."

"Subiri kijana, hili ni suala la chama!" Wote wawili, kwa pamoja. Kadi zikatoka mifukoni. Mmoja TANU tangu kijana, mwingine naye TANU tangu kijana, wote hadi ikawa CCM. Fundi akamwambia mwenzake amfuate Mtei, si alianzisha chama chake, CHADEMA, 1992? Mstaafu akainuka polepole, kama anayetaja siri ya ukoo:

"Na 1986, waliokubaliana na hao hao IMF walikuwa chama gani?"

Fundi hakujibu. Alitoboa. Akatoboa tena. Nilipofanikiwa kuushika mkanda ulikuwa na matundu tisa, hata moja halikunifaa, na kwa hayo nikadaiwa elfu moja.

Sasa mimi vita sikuiona. Amin nimemkuta kwenye hadithi. Lakini tangu nizaliwe naambiwa nikaze: shule kaza, kazini kaza, bajeti ikisomwa kaza, mwenye nyumba naye juzi kanijia na neno hilo hilo, kama aliyemaliza semina. Jamani, kiuno kina mwisho! Hivi hakuna hata mmoja, tangu Kampala ianguke, aliyewahi kumwambia mtu legeza?

Nimerudi nimejifunga kamba ya katani, hisani ya mstaafu. Inawasha balaa. Na yule mama wa samaki nimemkuta tena kwenye gari la kurudia, beseni tupu, kauza zote, akanitazama kiunoni akacheka hadi akakosea kituo. Nikataka kumuuliza changu anauzaje siku hizi, ila
konda alikuwa anadai nauli na mkono wangu wa kulipia ndio ulioshika suruali.