Kipande kimetoka, na miaka iliyopotea ailipe nani?

Mpemba wa Pwani ya Kenya aliyeishi bila uraia hadi akatambuliwa kuwa raia mwaka 2023, au Mmakonde wa Kwale ambaye wenzake walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, leo ana kipande, yaani kitambulisho cha taifa, na anaweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti na kupiga kura. Serikali inaona mambo yamekwisha. Hayajakwisha, maana miaka waliyonyimwa haijafidiwa, ingawa hoja ya Serikali si ya kubezwa, nayo ni hii:

Bahari haina ukuta. Afisa akimsajili kila anayesema babake alikuja kuvua kabla ya uhuru, atamsajili na aliyeshuka jana Vanga, mpakani na Tanzania. Tena ukimtisha afisa huyo kwa fidia ya waliokosewa, hatakataa wala kukubali, atakalia faili. Amri ya rais ya kuwatambua angalau ilivunja mkwamo.

Lakini mkwamo wenyewe uliletwa na nani? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliruhusu wasio na uraia walioishi Kenya tangu kabla ya 12 Desemba 1963 waombe kusajiliwa, ndani ya miaka mitano. Ikaongezwa mitatu, dirisha likafungwa 2019. Ushahidi ukawa mzunguko: cheti cha kuzaliwa kinadai kipande cha mzazi, na mzazi hakuwahi kupewa. Mvuvi wa dau hakuwa na hati ya mwajiri.

Uingereza ilifika pabaya zaidi kwa kizazi cha Windrush, watu wa Karibi waliohamia kihalali kuanzia 1948. Kadi zao za kuwasili ziliharibiwa 2010, kisha wakatakiwa kuthibitisha wana haki ya kuishi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu Aprili 2018, na mpango wa fidia ukaanza 2019. Huo ndio uwajibikaji ambao kwetu haujaonekana. Ila usisifiwe kupita kiasi: wizara iliyowaumiza ndiyo iliyopewa kazi ya kupima madai, na baadhi ya waliodai walifariki kabla ya kulipwa.

Kwa hiyo mfuko wa fidia peke yake hautoshi, na hapa Mombasa tungeanza chini zaidi: kwenye kaunta. Mwombaji akiambiwa "rudi wiki ijayo" haondoki na karatasi yoyote. Kisheria ni kama hakukataliwa, na mahakamani hana cha kuonyesha. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa, na Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015 inasema sababu zikiombwa zisitolewe, uamuzi huchukuliwa kuwa haukuwa na msingi hadi ithibitishwe vinginevyo. Basi aombe kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Muhuri huo afisa hutoa shingo upande, maana anajua una kazi gani.