Mshiriki A na Mtu wa Dirishani

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, kozi ya mbinu za utafiti ilimtaka kila mwanafunzi afanye zoezi la uchunguzaji: achague mahali pa wazi, akae hapo kwa siku kadhaa akiwatazama watu bila kuwasemesha, kisha aandike ripoti ambayo sehemu yake ya mwisho ingekuwa tafakuri binafsi. Alama zote zilikuwa 100, na kati ya hizo 30 zilikuwa za tafakuri. Naitaja hesabu hiyo mapema kwa sababu ndiyo niliyoidharau. Niliamini kwamba alama 70 ni za kazi na alama 30 ni za porojo, na kwamba mtu mwenye akili timamu hamalizi nguvu zake kwenye porojo.

Sikuwa mvivu, na ningependa hilo lieleweke kabla sijaendelea kujiaibisha. Niliazima vitabu vitatu vya mbinu za utafiti, nikavisoma kalamu mkononi, nikajifunza kwamba mchunguzaji mzuri huandaa jedwali lake mapema, hugawa muda katika vipande vilivyo sawa, huandika alichokiona kabla ya alichokifikiri, na hamtaji mtu yeyote kwa jina. Kuhusu tafakuri, niliupitia haraka haraka ule mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua 6: kueleza kilichotokea, kutaja hisia, kutathmini, kuchambua, kuhitimisha, na kupanga utakavyofanya siku nyingine. Hatua ya hisia ilinichekesha. Nilijiuliza mtafiti anaweza kuwa na hisia gani kuhusu meza na viti vya maktaba. Basi sehemu yote ya tafakuri nikaimaliza hata kabla sijaanza kukusanya data, kwa sentensi moja ambayo niliiona imejitosheleza: "Mtafiti hakuwa na athari yoyote kwa waliotafitiwa."

Swali langu la utafiti lilihusu jinsi wanafunzi wanavyoutumia muda wao wa maktabani wanapodhani hakuna anayewatazama. Jedwali langu lilikuwa na mstari mmoja kwa kila dakika 5, na katika kila mstari ningeandika herufi moja: S kwa anayesoma, A kwa anayeandika, T kwa anayetazama ovyo, na K kwa aliyetoka. Niliketi karibu na dirisha, nikafungua kitabu kikubwa mbele yangu ili nionekane msomaji kama wasomaji wengine, na jedwali nikalificha nyuma yake.

Siku ya kwanza haikuzaa kitu. Watu wanaosoma kweli hawana la kusimulia; mmoja alisoma dakika 55 bila kuinua kichwa, na jedwali langu likajaa herufi S kama mlio wa nyoka. Nilikuwa nimeanza kujuta nilipomwona mtu wa kwenye kona. Huyo alikuwa tofauti kabisa. Alikuwa na kitabu kimoja ambacho hakukigeuza ukurasa, na daftari ambalo aliandika ndani yake kwa pupa, kisha akainua macho, akayazungusha ukumbini, akayainamisha, akaandika tena. Nikajiambia kwamba huyu ndiye. Kumchagua mtu kwa sababu tu anakufurahisha ni kosa ambalo vitabu vyote vitatu vilinionya nalo, lakini maonyo ya vitabuni yana tabia ya kuwahusu watu wengine. Kesho yake nilianza upya na jedwali safi, nikampa mtu wangu jina la Mshiriki A. Mshiriki B hakuwahi kuwapo.

Kwa siku 4, saa 2 kila siku, sikumwondolea macho. Mistari ilitimia 96, na katika mistari 41 niliandika T. Pembeni niliongeza maelezo, ambayo leo nayanukuu kwa shida: "Saa 4:10. Mshiriki A anatazama upande wa dirishani kwa sekunde 6, kisha anaandika. Saa 4:15. Anatazama tena upande wa dirishani. Yaelekea mandhari ya nje yanamvuta." Nje ya dirisha hilo palikuwa na ukuta. Jambo hilo halikunisumbua hata kidogo; nilijenga juu yake hoja ya kurasa 3 kuhusu kuahirisha mambo, wasiwasi wa mitihani na kupungua kwa umakini, na nakiri kwamba nilianza hata kumwonea huruma.

Siku ya mwisho Mshiriki A aliinuka. Kanuni zangu zilitaka herufi K, lakini nilihitaji kujua kama anatoka nje au anakwenda kwenye rafu, kwa hiyo nami nikainuka. Tukakutana ana kwa ana katikati ya rafu za uhandisi, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa na shughuli. Nilichomoa kitabu cha ujenzi wa mifereji ya maji, naye akachomoa kilichofuata, tukatikisiana vichwa kwa heshima kama mafundi wawili wa mifereji, na kila mmoja akarudi kwenye kiti chake. Katika ripoti niliandika kwamba Mshiriki A ana mapenzi yasiyotarajiwa na maji taka.

Kozi yetu ilikuwa na makundi mawili ya semina yaliyokutana nyakati tofauti, na ni siku ya mawasilisho tu ndipo tulipowekwa ukumbi mmoja. Mhadhiri, ambaye alikuwa amekwisha kupokea ripoti zetu zote, aliketi mstari wa mbele na rundo la karatasi mapajani. Wa nne kuitwa alitoka kundi la pili, na alipofika mbele na kugeuka, nikaona uso ambao nilikuwa nimeutazama kwa saa 8. Mwanzoni, kwa jinsi nilivyokuwa nimezama katika nadharia yangu, nilifurahi kwamba masikini Mshiriki A ameweza kusimama mbele za watu. Kisha projekta ikawaka, na slaidi ya kwanza ikasomeka: "Mtu wa Dirishani: Uchunguzi wa Mwanafunzi Anayejifanya Anasoma."

Slaidi ya pili ilikuwa ramani ya ukumbi wa maktaba, imechorwa kwa rula, na alama ya X kwenye kiti changu. Mwenzangu alieleza kwa sauti tulivu kwamba mhusika wake alikaa siku 4 mbele ya kitabu kikubwa bila kugeuza hata ukurasa mmoja, na kwamba siku ya tatu kitabu chenyewe kilikuwa kimesimamishwa kichwa chini miguu juu tangu mwanzo wa kikao hadi mwisho. Ukumbi uliangua kicheko. Mimi nilikuwa nikijaribu kukumbuka siku ya tatu. Mhadhiri akauliza mhusika huyo alikuwa akifanya nini hasa kwa muda wote huo.

"Alikuwa ananitazama, Daktari, kisha anaandika. Mwanzoni nilidhani ni mshairi."

Nilikuwa nikiomba kengele ilie, mvua ipige, umeme ukatike, chochote. Badala yake mhadhiri alifunua karatasi iliyofuata akasoma jina langu. Nilikwenda mbele na slaidi zangu 9, na ya pili yake ilikuwa ramani ya ukumbi uleule, yenye alama ya X kwenye kona. Sikuhitaji kueleza kitu. Mtu mmoja wa nyuma alilishika wazo kwanza, akamnong'oneza jirani yake, na kicheko kikaja kwa mawimbi, mstari kwa mstari, mpaka kikafika mbele. Aliyecheka kidogo kuliko wote alikuwa Mshiriki A, na niliona kwamba hakushangaa kama nilivyotarajia ashangae. Sikulitilia maanani.

Mhadhiri hakucheka. Alivua miwani, akaifuta polepole, akatuomba sote wawili tusimame mbele na kila mmoja asome alichoandika siku ya tatu, saa 4:10 asubuhi. Nikasoma changu, pamoja na mandhari ya nje. Mwenzangu akasoma chake: "Saa 4:10. Mhusika ananitazama tena. Kitabu bado kimepinduka. Anatafuna kalamu." Tukaamriwa kusoma 4:15, kisha 4:20, na tuliendelea hivyo, yeye mstari na mimi mstari, kama waimbaji wawili wanaoitikiana, huku darasa likijipigia mapaja.

Ndipo mhadhiri alipoanza kufundisha, na lazima niseme kwamba sijawahi kuelewa somo vizuri kama nilivyolielewa siku ile ambayo mfano ulikuwa mimi. Alitukumbusha kipimo kiitwacho kapa, alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huonyesha ni kwa kiasi gani wachunguzaji wawili wanaafikiana kupita vile ambavyo bahati tu ingewaafikisha. 1 ni mwafaka kamili, na 0 ni sawa na kubahatisha. "Kwa hawa wawili," alisema, "hatuhitaji hata kupiga hesabu. Wameafikiana kikamilifu kwamba mwenzake hasomi." Kisha akaeleza majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, huko Cicero karibu na Chicago, kati ya mwaka 1924 na 1932, ambayo jina lake limebaki katika vitabu kwa sababu ya dai kwamba watu hubadili utendaji wao wanapojua wanachunguzwa. Aliongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kwamba wachambuzi wa baadaye wamezitilia shaka takwimu zenyewe. "Lakini wale wa Hawthorne," akamalizia, "angalau walikuwa wakifanya kazi. Wahenga walisema, nyani haoni..." Na ukumbi mzima ukamalizia methali kwa pamoja, bila adabu yoyote.

Nilidhani yameisha. Mhadhiri alifungua ukurasa wa mwisho wa ripoti yangu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Mtafiti hakuwa na athari yoyote kwa waliotafitiwa." Akamgeukia Mshiriki A, akamuuliza kama ni kweli.

"Nilihamisha kiti mara mbili, Daktari."

Mwenzangu hakuambiwa arudie kazi yake. Mimi nilipewa wiki moja niandike upya, na sharti la kwanza lilikuwa kukaa na huyo niliyemwonea huruma tukalinganishe majedwali. Tuliyaweka mezani bega kwa bega, tukahesabu. Katika mistari yangu 41 yenye herufi T, mistari 38 ilikuwa ya dakika ambazo yeye alikuwa akinichunguza mimi. Katika ile 3 iliyobaki alikuwa akitazama saa ya ukutani apate kujua nitaondoka lini. Mandhari ya nje hayakupata hata mstari mmoja.

Hapo ndipo hatua ya hisia ilipoacha kunichekesha. Nilikaa usiku kucha na swali dogo linalokera: kwa nini kitendo kilekile, yaani kuinua macho na kuandika, nilikiita kukosa umakini kilipofanywa na mwenzangu na kukiita ukusanyaji wa data kilipofanywa na mimi? Jedwali langu halikuwa na herufi ya mtu anayefanya kazi asiyoielewa mtazamaji. Mtu wa namna hiyo alikuwa na njia moja tu ya kuingia ndani yake, nayo ni T. Nilikumbuka pia jinsi Donald Schön, mwaka 1983, alivyotofautisha tafakuri ya katikati ya tendo na ile ya baada ya tendo, na nikaona kwamba mimi nimegundua aina ya tatu, ya kabla ya tendo, isiyo na faida kwa yeyote. Niliandika kwa hamu. Hisia peke yake zilichukua kurasa 5. Tafakuri yote ilifika kurasa 11, ikaizidi urefu ripoti iliyokuwa ikitafakariwa.

Kazi iliporudi ilikuwa na alama 27 kati ya 30 upande wa tafakuri, na kwa wino mwekundu upande wa ripoti: "Sasa umejieleza vya kutosha. Maktaba iko wapi?"

Nilikwenda kulinganisha na mwenzangu, ambaye alikuwa amepata 30. Nilimwomba nione tafakuri yake, nikitarajia kurasa nyingi kuliko zangu. Ilikuwa kurasa 2. Aya ya kwanza ilieleza jinsi alivyokuwa akijiuliza kila siku anaonekanaje kwa mtu anayemtazama. Aya ya pili ilianza hivi: "Siku ya 2 nilianza kushuku kwamba Mtu wa Dirishani naye yuko katika kozi hii, na kwamba mimi ndiye utafiti wake." Niliisoma mara tatu. Siku ya 2. Nikamuuliza, ndugu yangu, kama ulijua tangu siku ya pili, kwa nini hukunijia ukaniambia, ukaniacha niendelee kukukodolea macho siku mbili nzima na kitabu kimepinduka?

Akasema alitaka kunijia, ila data zilikuwa nzuri mno.