Soma Uongozi Kabla Hujakabidhiwa Shule

Kila nikikutana na walimu wenzangu gatini hapa Amu (Lamu), swali ni lile lile: "Mwalimu, huo uzamili wako wa uongozi wa elimu umekuongezea shilingi ngapi?" Mpaka leo, hata senti. TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, haikupandishi gredi kwa kuwa tu umepeleka cheti. Nafasi hutangazwa, unaomba, unaitwa mahojiano. Anayesomea uongozi wa elimu kwa kuutegemea mshahara atavunjika moyo mapema. Hata hivyo nasisitiza: mwalimu na asome, tena akiwa bado anashika chaki, asingoje kukabidhiwa funguo za ofisi.

Nilifundisha miaka kadhaa kisiwani Pate. Wengi wetu familia zilikuwa Amu, kwa hiyo Ijumaa tulivuka kwenda nyumbani na Jumatatu alfajiri tukarudi. Boti hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakitoka, nahodha hana budi kungoja yajae. Ofisini palikuwa na daftari la mahudhurio. Saa mbili kasorobo mwalimu mkuu alipiga mstari mwekundu, na aliyetia sahihi chini ya mstari alipewa barua ya kujieleza. Mimi nilipata tatu. Yeye alituona wazembe, sisi tukamwona hana huruma, hata chumba cha walimu kikawa cha kunong'onezana.

Mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili tulipewa zoezi: chukua rekodi moja ya shule yako, uisome kana kwamba hujawahi kuiona. Nikaliomba daftari lile, kando yake nikaweka jedwali la maji, lenye saa za kujaa na kupwa. Jumatatu hii tumewahi sote, ijayo tumechelewa sote. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, basi saa iliyokuwa ya maji kujaa, wiki ikipita huwa ya kupwa. Sisi watu wa pwani, tunaojua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) tangu utotoni, hatukuwahi kuviweka vitabu viwili hivyo mezani pamoja.

Nilimpelekea mwalimu mkuu karatasi moja. Aliitazama kimya, kisha akaniuliza, "Sasa tufanyeje, mwalimu?" Muhula uliofuata, vipindi vya kwanza vya Jumatatu za kupwa vilishikwa na wenzetu wanaoishi kisiwani, nasi tukawashikia vyao Jumanne. Barua zikakoma.

Simlaumu mzee yule. Alikuwa fundi wa Hisabati aliyepewa shule bila kufundishwa kuiendesha, na wa namna yake ni wengi. Januari 2023, gredi ya 7 ilipowekwa katika shule za msingi, walimu wakuu walijikuta usiku mmoja wanaongoza pia walimu wa sekondari ya msingi (JSS), na ratiba na mivutano yake. KEMI, taasisi ya serikali ya usimamizi wa elimu, inatoa mafunzo ya usimamizi, na yana faida, lakini wengi huyapata wakiwa wameshakalia kiti na makosa yameshatendeka.

Gharama ipo, sitaificha. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ziliishia barabarani kwenda chuoni, Mokowe hadi Garsen na kuendelea, na wanangu wakalelewa na mama yangu. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anajinyima hivyo, kisha anaandika tasnifu kuhusu shule asizozijua, kwa maswali ya kunakili. Fanyia utafiti shule yako, yenye watoto unaowajua kwa majina.

Nakala ya tasnifu yangu niliipeleka Pate. Iko kabatini mwa ofisi, na jedwali la maji limebandikwa ukutani, juu ya daftari la mahudhurio.