Maabara isiyonuka moshi

Juzi kijana aliyekuja kufanya fildi karakana kwetu kanilipulia mita. Mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Nilimwambia apime volti kwenye soketi ya ukutani, kazi ambayo saidia fundi wetu anaifanya huku anaongea na simu. Waya mwekundu wa mita ulikuwa bado kwenye tundu la ampea 10, la kupimia mkondo wala si volti, nilikouacha mwenyewe asubuhi (ndiyo, na mimi nina kosa langu). Akachomeka. Pa! Cheche, brekari ikakata, ncha ya waya ikawa nyeusi tii.

Namuuliza imekuwaje, ananijibu kwa adabu zote: "Samahani bosi, kwenye Proteus mita ya volti na mita ya ampea ni mbili tofauti."

Nikakosa la kusema, maana ni kweli: kwenye Proteus, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, ziko mbili; huku kwetu mita ni moja, unahamisha waya tu.

Sasa wakubwa wa vyuo wanatuambia maabara pepe, yaani praktiko ya kwenye kompyuta tu, ndiyo mkombozi, eti gharama nafuu. Hata picha ya ugali ni nafuu kuliko ugali. Kwenye kompyuta ukichora waya umeungana, basi. Huku kwetu skrubu imelegea, waya unashika na kuachia, na hakuna anayekwambia tatizo liko wapi. Mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, ikipoteza fezi moja kabla ya kuwashwa, inanguruma tu bila kuzunguka, na ukichelewa kuzima inaungua. Fundi anausikia ule mngurumo akiwa mlangoni, mkono ushafika kwenye swichi kabla hajawaza. Programu gani inakufundisha sikio? Inakufundisha pua? Inakufundisha kuogopa volti 230 kwa kiasi kinachofaa, si kutetemeka, si kuzizoea?

Habari ya bando na umeme kukatika katikati ya zoezi sitaki hata kuianza.

Haya, nikubali shingo upande. Enzi zetu tulizunguka osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) moja watu 15, wawili wa mbele wanazungusha vitufe, sisi wengine tunanakili majibu jioni bwenini. Nilipata A ya praktiko ambayo sikugusa kitu. Huyu kijana anakuchorea stata ya sta-delta, saketi ya kuwashia mota kubwa, bila kufungua daftari. Mimi nilikuwa siwezi. Na ule mradi wa iLab wa MIT, chuo cha Marekani, ulioshirikisha Makerere ya Uganda, Obafemi Awolowo ya Nigeria na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siuweki kapu moja na haya: pale kifaa halisi kilikuwa mezani, mwanafunzi anakiendesha kwa mbali kupitia intaneti, na namba zilizorudi zilitoka kwenye kitu chenye kasoro zake.

Lakini kuchora mara ishirini halafu usiguse hata mara moja, na chuo kikupigie muhuri? Jamani.

Mita mpya nimeinunua Kariakoo. Leo asubuhi nimemkuta kijana kaishika, anachungulia matundu yake mara ya tatu, soketi bado hajaigusa.