Mlinzi Aliyelala

Mpwa wangu ana miaka 14 na kwenye mambo ya gemu ananidharau waziwazi. Siku tulipokaa kuangalia filamu ya Five Nights at Freddy's, ile ya mwaka 2023, alinigeukia uso umemkunjamana: "Mjomba, mbona amelala?"

Aliyelala ni Mike, mlinzi wa usiku. Kwa asiyecheza gemu, mlinzi kusinzia lindoni si habari. Wengi wetu tumeshagonga geti mpaka mkono ukauma. Kwa aliyecheza, ni kufuru. Gemu iliyozaa filamu hii, ya Scott Cawthon ya mwaka 2014, inakutaka jambo moja tu, usifumbe jicho. Umekaa kwenye kiti na huinuki. Kushoto mlango, kulia mlango, mbele yako kamera za mgahawa wenye midoli mikubwa inayotembea usiku. Zamu inaanza saa sita usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Ukifunga mlango, umeme unaliwa. Ukiwasha taa, unaliwa. Hata kuchungulia kamera kunaula. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za LUKU, umeme wa kulipia kabla, tunaijua roho inavyodunda tarakimu zikishuka na dukani kumeshafungwa. Zikifika sifuri, giza. Kisha sura ya Freddy, mmoja wa midoli ile, inawakawaka kwenye mlango wa kushoto, na kamuziki katamu kanalia, na wewe huna tena cha kubonyeza.

Sasa filamu. Midoli imetengenezwa kwa mikono na karakana ya Jim Henson, si ya kompyuta, na inapendeza ajabu. Cawthon mwenyewe ameshiriki kuandika hadithi. Kwa sura, huwezi kuwadai kitu. Lakini Mike anameza dawa ili alale kazini, aote ndoto za mdogo wake aliyetekwa zamani, na hesabu ya umeme haimkoseshi usingizi. Kuna mahali midoli ile ile inamsaidia dada yake mdogo kujenga kibanda kwa meza na vitambaa. Mpwa wangu alienda jikoni kutafuta chakula.

Ndiyo maana ubishi wa "imefuata gemu, haijafuata gemu" unanichosha. Watu wanahesabu nguo. Koti ni lile, nywele ni zile, mlango una nakshi ile ile, basi filamu imepasi. Mimi nauliza kitu kingine: nilipokuwa nimeshika pedi ya gemu, nilikuwa naogopa nini hasa? Na hicho kipo?

Kwa kipimo hicho, Resident Evil: Welcome to Raccoon City ya mwaka 2021 ni mfano wa kusikitisha. Mwongozaji Johannes Roberts kalijenga jumba la Spencer la kwenye gemu, kajenga kituo cha polisi, na hata zombi wa kwanza anageuza shingo taratibu kama alivyoigeuza kwenye gemu ya mwaka 1996. Ila hofu ya gemu ile haikuwa kwenye shingo. Ilikuwa kwenye begi lisilotosha na risasi unazozihesabu moja moja. Hata kuhifadhi ulipofika kulitaka utepe wa wino wa taipureta, nao ulikuwa wa kuokoteza. Kwenye banda la gemu la mtaani kwetu tulilipia kwa nusu saa na memori kadi ya kuhifadhia hatukuwa nayo, kwa hiyo kila kifo kilitugharimu hela halisi. Filamu imebana gemu mbili nzima ndani ya usiku mmoja, watu wanakimbia kutoka jengo moja hadi jingine, na hakuna anayepata muda wa kuishiwa risasi.

Zile Resident Evil za Milla Jovovich sizisemi sana. Alice, mhusika wake, hayumo kwenye gemu hata moja, filamu sita zikatoka kuanzia 2002 hadi 2016, na nilizifurahia kama filamu za mapigano. Hazikunidanganya.

Iliyonishangaza ni Silent Hill ya mwongozaji Christophe Gans, ya mwaka 2006. Kwenye gemu ya mwaka 1999 ni baba, Harry Mason, anayemtafuta binti yake Cheryl. Gans kamwondoa baba, kaweka mama anayeitwa Rose, na mtoto kawa Sharon. Kwa wahesabu nguo, kesi imekwisha hapo. Lakini tazama Rose anapotaka kushuka chini ya hospitali. Anasimama mbele ya ramani ukutani, anakariri kona zake, kisha anakimbia gizani akizinong'ona: kulia, kushoto. Nilikaa wima kwenye kochi. Hicho ndicho tulichokuwa tukifanya, kusimamisha gemu, kutazama ramani, kurudi kwenye ukungu na kusahau nusu yake! Mbele anakutana na manesi wasio na nyuso, wanaosisimka wakiona mwanga, na inabidi azime tochi ndipo apenye katikati yao. Anayeijua gemu anajua kuzima tochi ilikuwa kinga, na pia ilikuwa adhabu, maana nawe huoni.

Na muziki ni wa Akira Yamaoka, mtunzi yule yule wa gemu.

Haikosi dosari. Lile jitu lenye kichwa cha piramidi limetolewa kwenye gemu ya pili, ya mwaka 2001, ambako lilizaliwa na hatia ya mwanamume mmoja juu ya mkewe. Kwa Rose halina sababu ya kuwapo, limeletwa kwa kuwa linatisha na mashabiki wanalipenda. Hapo Gans naye kahesabu nguo.

Mpwa wangu hajaiona hiyo, umri bado. Juzi nimemkuta sebuleni taa zimezimwa, yuko usiku wa tano, saa kumi na moja alfajiri ya kwenye gemu, umeme asilimia 2. Nilipofungua mdomo kumsalimia alininyooshea kiganja bila kugeuka.