Simu ya 1080 inayojiita 360

Kijana ninayefanya naye kazi alinijia wiki jana, simu mkononi, uso umekunjamana. "Kaka, kivinjari kinadanganya. Boksi la simu limeandikwa 1080 kwa 2400, mimi nikiuliza upana wa ukurasa naambiwa 360!" Lalamiko hili nimelisikia hata kwa mafundi wazoefu, na huishia kwenye hukumu ileile: pikseli za kimantiki, yaani zile 360 ambazo kivinjari huhesabu badala ya nukta halisi 1080 za kioo, ni ujanja wa kampuni za simu, ukweli uko kwenye kioo.

Hukumu hiyo ina hoja zake. Kijana alikuwa anatengeneza mfumo wa duka la jumla: orodha ya bidhaa, na mwishoni mteja anaweka sahihi kwa kidole juu ya skrini. Kwenye kompyuta ya mezani sahihi ilitoka safi. Kwenye simu ilitoka na ukungu, kingo zimevimba kama wino ulionyonywa na karatasi nyepesi. Kanvasi yake, yaani eneo la kuchorea ndani ya ukurasa, ilikuwa na pikseli 300 za upana, na simu ikazivuta zijaze 900 za kioo. Anayehesabu kwa mantiki pekee huumia hapo. Huumia pia kwenye Windows iliyokuzwa kwa asilimia 125, maana mstari wa pikseli 1 unadai pikseli 1.25 za kioo, na robo ya pikseli haichoreki. Tena iPhone 6 Plus ya mwaka 2014 ilichora picha ya 1242 kwa 2208 ili kila pointi, ambayo ndiyo pikseli ya kimantiki ya Apple, ipate pikseli 3 kamili, kisha ikaibana kwenye kioo cha 1080 kwa 1920. Aliyetaka mstari mwembamba ulingane barabara na pikseli moja ya kioo hakuwa na pa kuuweka.

Yote hayo ni kweli. Ila kabla ya kukiita kipimo hiki uongo, tuangalie kilikuja kutibu nini.

Mwaka 2010 Apple walitoa iPhone 4. Kioo kilibaki na ukubwa uleule, lakini pikseli zikapanda kutoka 320 kwa 480 hadi 640 kwa 960. Kitufe cha pointi 44, kimo ambacho Apple wenyewe walikipendekeza kwa ajili ya kidole, kilikuwa na karibu milimita 7. Kama programu za zamani zingehesabu pikseli za kioo, kitufe hicho kingesinyaa hadi milimita tatu na nusu usiku mmoja, na maandishi yangefuata. Hayakusinyaa, kwa sababu pointi ilibaki pointi. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilichorwa kwa pikseli mbili kila upande.

Kanuni za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, zimekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapokipenda kipimo hiki. Pikseli yake ya rejea inapimwa kwa jicho: ni pembe ambayo pikseli moja ya skrini yenye pikseli 96 kwa inchi huonekana nayo kutoka umbali wa mkono, inchi 28. Kwa umbali huo ni kama milimita 0.26. Peleka skrini mita tatu na nusu, na pikseli hiyohiyo inapaswa kuwa milimita 1.3, ili msomaji aone herufi kwa ukubwa uleule. Aliyeandika kanuni hiyo alimfikiria mtu aliyekaa mbele ya skrini. Nawezaje kuuita huo udanganyifu?

Android nao wanafanya hesabu ya aina hiyo. Kipimo chao, dp, ni pikseli moja kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi. Simu iliyowekwa kwenye 480 huzidisha kwa 3, ndiyo maana 1080 ya kijana ikasomeka 360. Sasa chukua simu ya bei nafuu, ya 720 kwa 1600, iliyowekwa kwenye 320. Inazidisha kwa 2. Upana wake wa kimantiki? 360 vilevile. Simu mbili zisizolingana bei, ukurasa mmoja, vitufe sawa chini ya dole gumba.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaoapa kwa kioo. Kijana alikuwa amekata picha za bidhaa zote kwa 1080 kwa 1080, kwa kuwa ndiyo rezolusheni ya simu yake. Mwenye simu ya 720 anapakua picha ileile. Picha ina pikseli 1,166,400; kioo chake, kwa upana wake wote, kinaweza kuonyesha 518,400. Yaani katika kila pikseli 9 alizozilipia kwa kifurushi chake, kioo chake kina nafasi ya 4. Tano zimepakuliwa, zimefunguliwa, kisha zimetupwa, na zimetupwa kwa mtu mwenye kifurushi kidogo na memori kidogo kuliko wote. Ni kweli faili iliyobanwa haipungui kwa uwiano uleule. Lakini picha ikishafunguliwa kwenye memori, kila pikseli kwa kawaida inakula baiti 4: bidhaa 20 za 1080 ni kama megabaiti 93, wakati za 720 ni kama 41. Fundi hakukusudia kumtoza maskini. Alihesabu tu kwa kioo chake mwenyewe.

Anayeanza na 360 analazimika kuuliza: kwenye simu hii, nizidishe kwa ngapi? Swali hilo ndilo lililoponya hata ile sahihi. Kijana aliiuliza simu uwiano wake, akaongeza pikseli za kanvasi kwa kiasi hicho, upana wake ukurasani akauacha 300. Hakuandika 3 kwa mkono. Picha nazo sasa zinatoka kwa upana wa 360, 720 na 1080, kivinjari kinachagua chenyewe. Simu ya kwanza tuliyojaribia ilikuwa ya 720, na ilichukua ya 720.