Moshi au Kampala: binti wa kaka yangu akasomee wapi macho

Binti wa kaka yangu amepata nafasi mbili za kusomea optometria, yaani taaluma ya kupima macho na miwani: moja KCMC, hospitali ya rufaa yenye chuo huko Moshi, nyingine Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kikao cha familia kimekaa mara mbili nyumbani Bukoba, na mara zote kimeegemea Kampala. Hoja yao kubwa ni barabara. Ukitoka Bukoba alfajiri, ukavuka mpaka Mutukula na kupita Masaka, mchana uko Kampala. Safari ya Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000: unalizunguka ziwa hadi Mwanza, kisha Shinyanga, Singida, Babati na Arusha, unashuka kwenye basi miguu imevimba. "Mtoto akiugua nitamfikia lini?" kaka aliniuliza. Ni swali la baba, na silidharau.

Lakini mimi ni shangazi yake, na kupima macho ndiyo kazi inayonilisha hapa Mwanza mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimewaambia aende Moshi.

Sisemi hivyo kwa sababu Makerere ni chuo kidogo. Shahada yao ya optometria ilianza mwaka 2014, na Mulago, hospitali kubwa ya rufaa ya taifa, iko jirani tu. Macho ya kupima hayatamwishia. Kinachonifanya nichague Moshi ni lugha, jambo ambalo kwenye kikao hakuna aliyeligusa.

Anayetutazama kwa nje anadhani kazi yetu ni mashine. Kweli, ukimulika jicho kwa retinoskopu na kuutazama mwanga unavyotembea ndani ya mboni, unapata karibu nusu ya jibu. Nusu nyingine iko mdomoni mwa mgonjwa. Unamvalisha fremu ya majaribio, unabadilisha lenzi, unauliza: hii au hii? Kwetu hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mzee wa Kiswahili hampingi daktari. Ukimuuliza "unaona vizuri?" atajibu "vizuri sana, mwanangu," hata kama umemwekea kioo cha dirisha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa mwalimu mstaafu miwani isiyomfaa kwa kuamini "ndiyo" zake. Alirudi baada ya miezi miwili akiwa ameifunga kwenye leso, akaniomba radhi yeye, kana kwamba macho yake ndiyo yaliyokosea. Sijamsahau.

Tangu hapo siulizi kama anaona vizuri. Nasema, "Baba, nisomee mstari huu." Kwa kijana asiyeona mbali nina swali jingine: "Herufi zimekuwa wazi zaidi, au zimekuwa nyeusi na ndogo tu?" Nguvu ya lenzi ikizidi, herufi hukolea weusi na kusinyaa, na kijana huipenda lenzi hiyo, kumbe unamchosha macho bure. Swali hilo moja, kulitamka kwa maneno ambayo mvuvi wa Kayenze au mama ntilie ataelewa mara moja, nilijifunza kwa kukosea mbele ya wagonjwa waliozungumza Kiswahili. Kliniki za Kampala zinaongea Kiganda. Kaka anasema Mhaya hashindwi Kiganda. Sokoni ni kweli hashindwi. Lakini kutofautisha ukungu, kivuli, kuona viwili na kuona kwa kupepesa kunahitaji lugha ambayo mgonjwa na mpimaji wote wamekaa ndani yake, na binti huyu anataka kurudi kufanya kazi Kagera.

La pili linanigusa zaidi. Ndani ya eneo la KCMC kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, na hapo ndipo watu wenye ualbino hufuata huduma na mafuta ya kukinga jua. Karibu wote wana uoni hafifu. Macho yao hutikisika, mwanga huwaumiza, na wengi wanahitaji miwani yenye nguvu kubwa pamoja na lenzi za kukuza maandishi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua ndugu zetu hawa wameteseka kiasi gani. Tumezungumza sana kuhusu usalama wao, na ilikuwa lazima. Kuhusu ubao wa darasani tumezungumza kidogo mno. Nimepima watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa kuelewa, kumbe tangu darasa la kwanza hawajawahi kuusoma ubao. Mwanafunzi anayesomea macho hatua chache kutoka kituo hicho ana nafasi ya kukutana na watoto hao mapema, akajua kwamba kumsogeza mtoto dawati la mbele na kumpa kofia yenye ukingo mpana ni sehemu ya tiba.

Kuna na makaratasi. Akisoma Kampala, shahada itabidi ipite TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe, kisha aende Baraza la Optometria kusajiliwa. Inawezekana, na wapo wanaoipita njia hiyo, ila ni miezi ya kusubiri huku nauli ikiliwa.

Hata hivyo sitaki achague kwa maneno yangu matupu. Nimemtuma atafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wa vyuo vyote viwili, awaulize: mmepima wagonjwa wangapi kwa mikono yenu wenyewe? Retinoskopu moja mnaigawana wangapi? Watoto wadogo mnawapima kwa matone ya kulegeza macho, au mnaangalia mwalimu akifanya? Kliniki ya uoni hafifu mnakaa wiki ngapi? Kama majibu ya Kampala yatayashinda ya Moshi kwa mbali, nitarudi kwenye kikao na kusema nimebadili msimamo.

Suala la kuugua nimelijibu hivi: kutoka Mwanza mimi niko karibu na Moshi kuliko kaka, na simu ikija usiku, asubuhi nitakuwa kwenye basi. Nauli yake ya kwanza nimeshaiweka pembeni. Dirisha la kuthibitisha chuo bado liko wazi, na jana jioni alinitumia majibu ya mwanafunzi wa kwanza, wa Moshi: retinoskopu moja, wanafunzi watatu.